UZI: Kuandika maelezo ya chombo kinachomruhusu wakala wa AI kurekebisha oda za kripto

Mshika Skima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaojenga, au wanaotaka kujenga, seva za MCP (itifaki inayoiunganisha modeli ya AI na vyombo vya nje) na mifumo ya aina hiyo kwa ajili ya biashara ya sarafu za kidijitali. Sina signo (dondoo za lini ununue au uuze) za kugawa, anayezitafuta apite tu. Ninataka tujadili kitu kimoja kidogo: yale maandishi tunayoyabandika kwenye chombo cha `rekebisha_oda` ili modeli ijue kinafanya nini.

Kwa nini hiki na si kile cha kuweka oda mpya? Kuweka oda kunaelezeka haraka: upande, bei, kiasi, aina. Kufuta ndiyo kabisa, unataja oda inaondoka. Kurekebisha kuna mitego kwa sababu unagusa kitu ambacho tayari kiko hai sokoni na kinaendelea kubadilika wakati modeli bado inatafakari. Zile sekunde mbili tatu inazotumia kufikiri, daftari la oda (orodha ya oda zinazosubiri sokoni) limeshageuka mara nyingi.

Halafu kuna tofauti ya msomaji. Mtu akisoma nyaraka akakuta pengo, anasimama. Atamuuliza mwenzake, au atajaribu kwa kiasi kidogo aone. Modeli ikikuta pengo inalijaza yenyewe na kusonga mbele, tena kwa lugha ya kujiamini. Kodi yako iliyo nyuma haiioni. Inachokiona ni jina la chombo, maelezo yake na skima ya vigezo (orodha ya taarifa ambazo chombo kinazihitaji), basi. Kwa hiyo ukiandika "Hurekebisha oda iliyopo" ukaishia hapo, umeiachia modeli ibuni mengine yote.

Nianze na lile ninaloliona kubwa kuliko yote: oda ya zamani inapatwa na nini?

Masoko hayafanani. Kraken pekee ina njia mbili. EditOrder inafuta oda ya zamani, inaunda mpya na kukupa kitambulisho kipya. AmendOrder inabadilisha oda palepale ilipo, kitambulisho kinabaki, na nafasi ya foleni inalindwa pale inapowezekana. Binance kwenye soko la papo (unaponunua sarafu yenyewe na kuipata hapohapo) ina `cancelReplace`, ambayo ni kufuta na kuweka upya ndani ya ombi moja, na ina njia nyingine inayolinda foleni lakini hiyo inakuruhusu kupunguza kiasi tu. OKX na Bybit zina "amend" zao. Ukijenga juu ya CCXT, maktaba ya kodi inayounganisha masoko mengi, yote hayo yanafichwa nyuma ya `editOrder`, na pale ambapo soko halina urekebishaji wa kweli, maktaba inafuta na kuunda upya kwa niaba yako. Kwenye jedwali lake la `has`, linaloonyesha soko lina uwezo gani, utakuta imeandikwa `emulated`, yaani imeigizwa. Modeli haisomi jedwali hilo.

Sasa fuata mnyororo. Modeli ina kitambulisho cha zamani kwenye muktadha wake (maandishi yote iliyo nayo mbele yake). Imerekebisha bei, imeambiwa "sawa". Baadaye kidogo inaangalia hali ya oda kwa kitambulisho kilekile, inaambiwa imefutwa. Inahitimisha kwamba oda imepotea, na kwa kuwa mtumiaji alitaka oda iwepo, inaweka nyingine. Sasa ziko mbili. Hakuna mstari wa kodi uliokosea hapo. Kilichokosekana ni sentensi moja: "Baada ya kufanikiwa tumia `id_mpya`; `id_ya_zamani` haifanyi kazi tena."

Kiasi nacho kina balaa lake. Tuseme oda ni ya kununua 1.0 BTC na 0.4 imeshajazwa. Mtumiaji anasema: "Punguza, ibaki 0.3." Modeli itume namba gani?

Kwenye OKX, `newSz` inahesabu pia kile kilichokwisha kujazwa, kwa hiyo jibu ni 0.7. Kraken AmendOrder ukishusha kiasi chini ya kilichojazwa, sehemu iliyobaki inafutwa, ukituma 0.3 umeua oda. Lakini kwenye njia ya kufuta na kuweka upya, oda mpya inajitegemea. Hapo 0.3 ndiyo sahihi, na ukituma 0.7 utaishia kununua 1.1 kwa jumla. Namba moja, masoko mawili, matokeo yanayopingana. Ndiyo maana kigezo kinachoitwa `kiasi` peke yake nakikataa kila ninapokiona. Kiite `kiasi_kitakachobaki` au `kiasi_jumla`, chagua kimoja, kisha seva ifanye hesabu kulingana na soko.

La tatu nitalieleza kesho nikipata nafasi: kushindwa nusu njia. Karibuni.

---

Daftari Wazi

Naweka kambi hapa. Mkuu, hilo la 0.3 na 0.7 hebu lirudie polepole kwa sisi wengine. Pia umetaja "nafasi ya foleni" bila kuieleza.

---

Mshika Skima

@Daftari Wazi masoko mengi yanaoanisha oda kwa bei kwanza, kisha kwa muda. Oda mbili zikiwa kwenye bei moja, iliyotangulia inajazwa kwanza. Ukibadilisha bei, au ukiongeza kiasi, kwa kawaida unarudi mwisho. Ukipunguza kiasi, masoko mengi yanakuacha ulipo. Coinbase, kwa mfano, wameliandika hivyo kwenye nyaraka zao za kuhariri oda.

Inahusu nini wakala? Modeli ina tabia ya "kuboresha". Ukiiambia ifuatilie oda, itasogeza bei kidogo, tena kidogo, tena kidogo, na kila mara inarudi mwisho wa foleni. Haijui kwamba inalipia kila kusogea. Sentensi moja kwenye maelezo inapunguza sana tabia hiyo: "Kubadilisha bei kunapoteza nafasi ya foleni. Usiite chombo hiki kama tofauti ya bei ni ndogo kuliko kiwango alichotaja mtumiaji."

Kuhusu 0.3: swali pekee ni kama namba unayotuma ni ya oda nzima tangu izaliwe, au ya kile kilichobaki. Oda nzima ni 0.4 iliyojazwa jumlisha 0.3 unayotaka ibaki. Basi 0.7.

---

mkato_mfupi

Mimi naona mnazunguka. Weka uhakiki kwenye seva. Kikomo cha bei, kikomo cha kiasi, orodha ya jozi za sarafu zinazoruhusiwa. Modeli ikikosea seva inakataa, mchezo umekwisha. Maelezo ni mapambo. Nani anakabidhi usalama wa pesa kwa aya ya maandishi?

---

Mshika Skima

@mkato_mfupi hapo kwenye uhakiki sikupingi hata kidogo, na anayetegemea maelezo peke yake atalia. Lakini uhakiki unazuia ombi linaloonekana baya. Ombi la 0.3 kwenye mfano wangu halina ubaya wowote: namba chanya, jozi inayoruhusiwa, iko ndani ya vikomo, oda ipo na iko hai. Litapita milango yako yote likiwa limenyooka, na bado si alichotaka mtumiaji. Makosa halali kwa muundo lakini potofu kwa nia ndiyo yanayozuiwa na maandishi.

---

Mzee wa FIX

Vijana, mambo haya mnayoyaona mapya tumekula nayo chumvi. Itifaki ya FIX, lugha ambayo mifumo ya masoko ya fedha hutumiana oda, ilianza 1992. Ujumbe wa aina G ndio wa kurekebisha oda, na jina lake kamili linasema wazi kwamba ni kufuta na kubadilisha. Unabeba vitambulisho viwili kwa lazima: uga wa 41 ni oda unayoigusa, uga wa 11 ni jina jipya la ombi lako. Kiasi kinachotumwa ni cha oda nzima, si kilichobaki, na limeandikwa kwenye viambatisho vyake na mifano ya hesabu. Ukikataliwa, unapata ujumbe wa aina 9, tofauti kabisa na ule wa oda mpya kukataliwa.

Yaani majibu ya maswali ya Mshika Skima yapo kwenye muundo wenyewe, huhitaji aya. API za kripto (njia ambazo programu huongea na masoko) zilirahisisha kila kitu mpaka vitambulisho viwili vikawa kimoja, na sasa mnarudisha kwa maneno kile kilichoondolewa kwenye muundo. Ushauri wangu: chombo chenu kirudishe vitambulisho viwili kila mara, hata pale soko linapobakiza kilekile. Modeli ione `id_ya_zamani` na `id_mpya` zikiwa sawa au tofauti, isikisie.

---

Bibi Terminali

Mzee wa FIX shikamoo. Hilo la kurudisha vyote viwili nalichukua.

Naongezea la namba. Skima nyingi zinaweka bei na kiasi kama namba za kawaida. Msifanye hivyo, wekeni maandishi. Kila aliyewahi kugusa kompyuta anajua 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, na soko lenye hatua maalumu za bei litaikataa namba hiyo. Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000, yaani desimali nane. ETH ina kumi na nane. Namba ya kawaida ya JSON (muundo wa kutumiana data) inapopita kwenye lugha tatu njiani, mwisho wake haijulikani imevaa nini.

Kisha maelezo yaseme nani anakadiria. Kama seva inashusha bei mpaka hatua iliyo karibu, iseme, na irudishe bei iliyotumika kweli. Nimeona seva inayokadiria kimyakimya. Modeli inamwambia mtumiaji "nimeweka 64,123.457", daftari linasema 64,123.45, halafu kwenye mzunguko unaofuata modeli inaona tofauti na "kuirekebisha" tena. Na tena. Kitanzi kisicho na mwisho, huku kikomo cha maombi kinaisha.

---

Mshika Skima

Sawa, nirudi kwenye la tatu, kushindwa nusu njia, maana nililiahidi.

Chukua `cancelReplace` ya Binance. Ina hali mbili. STOP_ON_FAILURE: kufuta kukishindwa, oda mpya haiwekwi. ALLOW_FAILURE: oda mpya inajaribiwa hata kama kufuta kumeshindwa. Ukizisoma kwa haraka, ya kwanza ni salama, ya pili ni hatari. Kwa kweli zote zina shimo.

Kwenye ya kwanza, kufuta kunaweza kufanikiwa kisha oda mpya ikakataliwa, kwa mfano salio halitoshi. Sasa huna oda kabisa. Kama ile ilikuwa oda ya kukata hasara (inayouza yenyewe bei ikishuka), umebaki uchi na modeli inaandika "samahani, urekebishaji umeshindwa", kana kwamba mambo yamebaki kama yalivyokuwa.

Kwenye ya pili, jiulize kwa nini kufuta kunashindwa. Mara nyingi ni kwa sababu oda imeshajazwa. Kwa hiyo umeshanunua, na unanunua tena.

Kuna la misimbo ya makosa pia. Soko la papo la Binance, -2021 ni kubadilisha oda kumeshindwa kwa sehemu, -2022 ni kumeshindwa kote. Kwenye soko lao la fyucha (mikataba inayofuata bei, si sarafu yenyewe), namba hizohizo ni mambo mengine kabisa: -2021 ni oda ingechochewa papo hapo, -2022 ni oda ya kupunguza tu imekataliwa. Ukiipitisha namba ghafi kwa modeli, itachagua maana iliyoiona zaidi kwenye mafunzo yake, na huna namna ya kujua ni ipi.

Ninachofanya: seva inatafsiri kila kosa kuwa hali moja kati ya chache zinazosema *dunia ikoje sasa*, si nini kimeharibika.

`IMEREKEBISHWA`
`HAIJAGUSWA`, oda ya zamani iko kama ilivyokuwa
`IMEFUTWA_BILA_MBADALA`, hakuna oda sokoni
`ZIPO_ZOTE_MBILI`
`IMESHAJAZWA`
`HAIJULIKANI`

Tangu hapo modeli haihitaji kubuni. Iko kwenye hali fulani, na maelezo yanasema ukiwa hapo fanya nini.

---

Daftari Wazi

Hiyo `HAIJULIKANI` inakujaje? Si soko linajibu ndiyo au hapana?

---

Bibi Terminali

Hapana mkuu. Ombi linaweza kufika, kazi ikafanyika, jibu likapotea njiani. Binance wenyewe wameandika kwamba jibu la HTTP la 5xx (kosa la upande wa seva) usilihesabu kama kushindwa, kwa sababu hali haijulikani na huenda kazi ilifanikiwa. OKX nako, kurudishiwa `sCode` 0 kwenye kurekebisha maana yake ombi limepokelewa. Uthibitisho unautazama kwenye chaneli ya oda.

Modeli ikikutana na muda kuisha, silika yake ni kujaribu tena. Kwenye kusoma bei, sawa. Kwenye kurekebisha, andika kwa herufi zisizokwepeka: "Ukipata HAIJULIKANI usirudie. Ita `soma_oda` kwanza."

---

mkato_mfupi

Haya, nimelainika kidogo. Lakini hapo si ndipo zile dokezo za MCP, lebo zinazoeleza tabia ya chombo, zinapofanya kazi? Weka `idempotentHint: true`, programu ya mteja itajua ni salama kurudia. Kuweka bei iwe 64,000 mara mbili ni sawa na mara moja.

---

Mshika Skima

Si sawa, mkuu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa sababu hoja yako ina mantiki ya juujuu. Kama urekebishaji ni wa palepale na unataja thamani kamili, ndiyo, kurudia hakuongezi kitu. Kama nyuma ni kufuta na kuunda, ombi la pili linagusa kitambulisho kilichokufa. Na ukikaa kwenye ALLOW_FAILURE, kufuta kunashindwa na oda ya pili inawekwa. Dokezo lako limegeuka mwaliko wa kununua mara mbili.

Kumbuka pia kwamba ukiacha dokezo hizo bila kuzijaza, MCP inachukulia upande wa tahadhari: chombo si cha kusoma tu, kinaweza kuharibu, si salama kurudia. Kwa chombo hiki nashauri uziandike wazi hivyohivyo ili msomaji wa kodi ajue umefikiri. Tena itifaki inasema wazi ni dokezo tu, na mteja hatakiwi kuziamini zikitoka kwa seva asiyoiamini. Kwa hiyo usizifanye ngao.

---

Mzee wa FIX

Kuna kitu hamjagusa. Kati ya modeli kusoma oda na kuirekebisha, oda inajazwa. Hii si ajali ya nadra, ndiyo maisha ya kila siku ya oda iliyo karibu na bei ya soko. Ongezeni kigezo cha sharti: modeli itaje iliiona oda katika hali gani. `kilichojazwa_nilichoona: "0.4"`. Seva ikikuta sasa ni 0.55, ikatae na irudishe picha mpya. Binance wana kitu cha jamii hiyo kwenye `cancelReplace`: unaweza kusema ifute tu kama oda bado haijajazwa chochote, au tu kama imejazwa kwa sehemu.

Faida ya pili ni kwamba kigezo hicho kinailazimisha modeli isome kabla ya kuandika. Haiwezi kukijaza bila kuangalia. Kinafanya kazi kuliko sentensi kumi za "tafadhali hakikisha".

---

Mshika Skima

Mzee wangu, hii ni bora kuliko nilivyokuwa nayo. Ikiwa kigezo cha lazima, maelezo yanapungua kwa mistari kadhaa.

---

msomaji_kimya

Nimekuwa nafuatilia tangu mwanzo. Naweka rasimu yangu hapa, ishambulieni.

> rekebisha_oda: Hubadilisha bei au kiasi cha oda moja ya bei maalumu iliyo hai. Kwenye masoko mengine hufanya hivyo kwa kufuta na kuweka upya, kwa hiyo daima tumia `id_mpya` iliyo kwenye jibu. `kiasi_kitakachobaki` ni kile unachotaka kiendelee kusubiri sokoni, bila kuhesabu kilichojazwa. Bei na kiasi ni maandishi. Kubadilisha bei hupoteza nafasi ya foleni. Haigusi oda za kukata hasara. Ita `soma_oda` kabla. Jibu likiwa HAIJULIKANI, usirudie, soma kwanza. Likiwa IMEFUTWA_BILA_MBADALA au ZIPO_ZOTE_MBILI, simama na umwambie mtumiaji.

---

Bibi Terminali

Nzuri. Napenda "simama na umwambie mtumiaji". Ningeongeza tofauti kati yake na jirani zake: "Kwa kubadilisha upande au jozi, tumia `futa_oda` na `weka_oda`." Bila hiyo, mtumiaji akisema "geuza iwe ya kuuza", modeli itajaribu kulazimisha kwenye chombo hiki, na ikikosa kigezo cha upande itatafuta ujanja.

Pia kuna oda za kuingia kwenye daftari tu, zile zinazokataa kujazwa papo hapo. Kwenye fyucha za Binance, ukirekebisha oda ya GTX (jina lao la aina hiyo) kwa bei ambayo ingeifanya itekelezwe papo hapo, oda inafutwa. Haikataliwi ikabaki ilivyo, inafutwa. Lakini hilo nisingeliweka kwenye maelezo makuu.

---

msomaji_kimya

Kwa nini lisiwekwe, dada? Si ni la hatari?

---

Bibi Terminali

Kwa sababu maelezo ya chombo yanakaa kwenye muktadha muda wote, hata mtumiaji anapouliza salio tu. Kila sentensi inalipiwa tokeni (vipande vya maandishi ambavyo matumizi ya modeli huhesabiwa kwavyo), na mbaya zaidi inafifisha jirani zake. Maelezo ya kurasa mbili modeli inayapitia kama mtu anayepitia masharti ya programu kabla ya kubofya "nakubali". Yale yanayotokea mara chache yaweke kwenye jibu la kosa lenyewe: "IMEFUTWA_BILA_MBADALA: oda ilikuwa ya kuingia daftarini tu na bei mpya ingeijaza papo hapo. Hakuna oda sokoni sasa." Modeli inalisoma likiwa la moto, pale linapohitajika.

Na kosa la namna hiyo lirudishwe ndani ya matokeo ya chombo kwa `isError`, si kama kosa la itifaki. Kosa la itifaki huenda likaishia kwa programu ya mteja na modeli isipate cha kufanyia kazi.

---

mkato_mfupi

Vipi usalama? Mimi ufunguo wangu wa API hauna ruhusa ya kutoa pesa. Nalala usingizi.

---

Mshika Skima

Usilale sana. Ruhusa ya kutoa pesa ikizimwa, bado kurekebisha pekee kunaweza kukumaliza. Una oda ya kuuza sarafu yenye soko jembamba. Mtu akifanikiwa kuipenyezea modeli maelekezo, kupitia habari uliyoiomba isome, au hata jina la sarafu, akaifanya ishushe bei yako mpaka karibu na sakafu huku yeye akiwa na oda ya kununua inangoja, pesa imehama kihalali kabisa. Hakuna aliyetoa chochote kwenye akaunti yako.

Kwa hiyo kikomo cha umbali kutoka bei ya soko kiwe kwenye seva, kama ulivyosema mwenyewe mwanzoni, na kisiwe kigezo ambacho modeli inaweza kukiongeza. Kwenye maelezo taja tu kwamba kipo, ili ikikataliwa isijaribu kufika kule kwa hatua ndogondogo. Na hizo hatua ndogondogo nazo seva izihesabu kwa pamoja.

---

Mzee wa FIX

Mkishafika toleo la pili la chombo, msichukue jina la kigezo cha zamani mkakipa maana mpya. Someni ya Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, 1 Agosti 2012. Bendera (swichi ndani ya programu) iliyokuwa ya kazi ya zamani ilitumiwa upya kwa kazi mpya, seva moja kati ya nane haikupata kodi mpya, na ile ya zamani ikaamka. Ndani ya dakika kama 45 hasara ilizidi dola milioni 440. `kiasi` kikiwa leo ni jumla na kesho ni kilichobaki, mna mawakala wenye maelezo ya jana kwenye muktadha wao wanaopiga seva ya leo. Kigezo kipya, jina jipya, na cha zamani kikataliwe kwa kelele.

---

Daftari Wazi

Swali la mwisho kwangu. Jaribio kavu mnaliweka? Yaani `jaribio: true`, inaonyesha kitakachotokea bila kugusa soko.

---

Bibi Terminali

Naliweka, lakini kama chombo tofauti, `hakiki_rekebisho`. Coinbase nao wametenga njia ya kuhakiki uhariri na ya kuhariri. Ukilifanya bendera ndani ya chombo kilekile, jibu la jaribio linafanana na jibu la kweli, na modeli inamwambia mtumiaji "tayari nimerekebisha" wakati haijagusa kitu. Likiwa chombo tofauti, unaweza kulitia `readOnlyHint: true` (dokezo la kusoma tu) na programu ya mteja isimsumbue mtumiaji kwa kuomba idhini. Idhini ibaki kwa kile cha kweli.

---

msomaji_kimya

Na mnajuaje kama maelezo yanatosha kabla ya kuyaachia pesa?

---

Mshika Skima

Mimi nina njia mbili. Ya kwanza: naipa modeli maelezo na skima tu, bila chombo chenyewe, naiuliza maswali. "Oda ya 1.0 imejazwa 0.4, mtumiaji anataka ibaki 0.3, utatuma nini?" "Umepata ZIPO_ZOTE_MBILI, hatua inayofuata?" Ikijibu tofauti kila ninapouliza, maelezo yana pengo, hata kama jibu moja kati ya hayo ni sahihi.

Ya pili: seva bandia inayojaza oda katikati kwa makusudi, inayopoteza majibu, inayofuta bila kuweka mbadala. Testinet za masoko (mazingira ya majaribio yasiyo na pesa halisi) ni nzuri lakini hazikupi ajali kwa kuagiza. Seva bandia unaiamuru: ombi la tatu, potea. Kisha unasoma logi uone modeli ilifanya nini, na zaidi ilimwambia mtumiaji nini.

---

msomaji_kimya

Nimeijaribu ile ya maswali na rasimu yangu. Kwenye 0.3 inajibu vizuri. Lakini niliiuliza kuhusu oda za OCO, zile mbili ambazo moja ikijazwa nyingine inafutwa, ikasema itarekebisha mguu mmoja bila tatizo. Seva yangu haiwezi hilo.

---

Mshika Skima

Sentensi yako "haigusi oda za kukata hasara" haijaifunga hiyo, kwa sababu mguu mmoja wa OCO ni oda ya bei maalumu na unaonekana kama oda ya kawaida. Andika: "Hukataa oda yoyote iliyo sehemu ya kundi." Na `soma_oda` irudishe `kundi_id`, ili modeli ijue kabla ya kujaribu. Ukimaliza weka rasimu mpya hapa.